Pembe Iliyokunjwa

Elfu moja mia nane arobaini na sita.
Hiyo ndiyo hesabu niliyoamka nayo Jumapili,
nyekundu, kwenye kona ya kivinjari:
mijadala ambayo sijaisoma.
Mafundi wa sola wa Igoma wakibishania betri,
wenzangu wa chuo, Nyegezi, wengine wameshazaa,
kamati ya harusi ya Masunga. Harusi ilishapita,
kamati bado inadaiwa viti.

Nikasema basi. Nitatengeneza chombo changu,
kiendelezi kidogo, kikae pale juu kama kifungo cha shati,
kikusanye, kipange, kinyamazishe.
Chumba changu Mabatini kimeegemea jabali;
ukuta wa nyuma ni jiwe lenyewe,
fundi aliona tofali za nini.
Jiwe hutunza jua mpaka saa sita usiku,
nami niliandika msimbo mgongo ukiwa juani.

Mistari arobaini ya kwanza ilikwenda vizuri.
Mjadala ukifikisha siku saba, ufifie.
Ukifikisha thelathini, uhesabiwe umesomwa.
Kama jina langu halikutajwa, pita.
Nikabonyeza. Elfu moja na kitu ikaanguka,
hata mlio wa sarafu haukusikika.
Nilijiona msafi kwa dakika kama nne hivi.
Halafu nikajiuliza:
umesomwa na nani?

Ikabaki nukta moja. Haitoki.
Nikaupekua msimbo mstari kwa mstari,
nikalaumu mabano, nikalaumu bando,
nikamlaumu aliyebuni mkato.
Saa nane usiku nikagusa kioo kwa kidole:
nukta ikaruka.
Mdudu wa ziwani. Dirisha lilikuwa wazi
nao walikuwa wameingia kwa wingi wao, kama moshi,
kusoma walichoweza kusoma.

Jumatatu nikashuka Mwaloni kumsaidia shangazi Nyanzobe
kuhesabu magunia ya dagaa yaendayo Tabora.
Ana daftari la madeni, jalada limelowa harufu,
peni imefungwa kwa uzi wa wavu.
Anafungua ukurasa, anautazama, hasemi neno,
anakunja pembe ya juu, anaendelea.

“Huyu amelipa?”
“Hajalipa.”
“Umemsamehe?”
“Nani kasema?”
“Sasa kukunja maana yake nini?”
Akalamba kidole. “Maana yake nimemwona.
Leo si siku yake.”

Nilipanda mlima kwa miguu, magamba yameganda viatuni.
Kumbe nimejenga nyumba ya milango miwili tu,
umesomwa, haujasomwa,
kana kwamba mtu hana ruhusa ya kuona jambo
na kulitua chini kwanza, taratibu,
kama sufuria ya uji.
Usiku ule nikaifuta sheria ya siku thelathini.
Nikaongeza kitufe cha tatu, nikakiita Kunja.
Pembe ya mjadala inajikunja, inakuwa kijivu,
haikudai, haikusahau.

Masunga nimemkunja. Viti vitangoja mwisho wa mwezi.
Nimekunja swali la kijana wa Sengerema,
inveta yake inalia usiku bila sababu;
nataka kwanza nisikilize yangu.
Wengine, kusema kweli, niliwafuta
na sikuona haya.

Alhamisi nikaibeba kompyuta hadi Mwaloni
nimwonyeshe shangazi jinsi alivyonifundisha.
Daftari lilikuwa wazi juu ya mzani.
Upepo wa ziwa ukapekua kurasa kwa niaba yake
ukasimama palipo na jina langu:
laki nne na nusu, kompyuta, mwaka juzi,
na pembe iliyokunjwa, ikakunjuliwa, ikakunjwa tena
mpaka karatasi imelainika kama kitambaa.

Sikusema kitu. Naye hakusema.
Alikitazama kitufe changu kwa muda,
akakibonyeza mara mbili, kwa kucha,
akauliza kama kinakula chaji.